Magonjwa ya misuli ya moyo ya kurithi: ni jeni gani, na huharibu nini hasa?

Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wanaweza kurithi kosa lile lile kwenye jeni ile ile, herufi kwa herufi. Mmoja akaanza kuzimia mazoezini akiwa na miaka 17. Mwingine akafika miaka 70 na asionekane kasoro yoyote kwenye vipimo vya moyo. Madaktari wa moyo hukutana na familia za namna hii mara kwa mara, na hapo ndipo ugumu wa mada unapoanzia. Tukisikia "ugonjwa wa kurithi" wengi wetu tunawaza jambo la ndiyo au hapana: una jeni mbovu, utaugua, huna, umesalimika. Kwa misuli ya moyo hesabu hiyo haikubali.

Tuweke mipaka kwanza. Mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta haimo humu, wala valvu zilizoharibika, wala moyo uliochoka kwa kubeba shinikizo la juu la damu kwa miaka mingi. Tunaongelea nyama yenyewe ya moyo inapokuwa na hitilafu ya asili. Jina la kitabibu ni kadiomayopathi, na kwa sehemu kubwa huja kwa sura tatu. Ukuta wa moyo unaweza kunenepa kupita kiasi pasipo sababu ya nje. Chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwilini, kinaweza kutanuka na kulegea. Au nyama ya moyo inaweza kufa kidogo kidogo, nafasi yake ikachukuliwa na kovu na mafuta, na umeme unaoongoza mapigo ukaanza kwenda mrama.

Jeni zinazohusishwa na magonjwa haya ni nyingi, na majina yake yanachosha: MYH7, MYBPC3, TTN, LMNA, PKP2 na mengine kadha wa kadha. Naona si busara kuanza na orodha hiyo. Swali lenye faida ni jingine: protini inayotengenezwa na jeni hiyo inakaa sehemu gani ya seli ya moyo, na kazi yake ni ipi? Ukipata jibu, sura ya ugonjwa huanza kueleweka yenyewe.

Ndani ya seli ya moyo

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kila pigo ni kazi ya seli zilizojaa nyuzi ndefu, na kila uzi umegawanyika katika vipande vidogo vinavyoitwa sakomea. Ndani ya sakomea kuna nyuzi nene za mayosini na nyuzi nyembamba za aktini. Mayosini ina vichwa vinavyoshika aktini, kuivuta, kuiachia na kuishika tena, kila mara vikitumia nishati. Vichwa vikivuta, sakomea hufupika na moyo hubana. Vikiachia, moyo hulegea na kujaa damu. Protini za troponini na tropomayosini huamua wakati wa kushika, zikifuata ishara ya kalisi. Protini nyingine, inayotengenezwa na jeni ya MYBPC3, hukaa kwenye uzi wa mayosini na kuvizuia baadhi ya vichwa visifanye kazi isipohitajika.

Halafu kuna titini, inayotoka mwisho mmoja wa nusu ya sakomea hadi mwingine, huvutika na kurudi, na kushikilia kila kitu mahali pake. Nje ya nyuzi hizo, seli moja hufungwa kwa jirani yake kwa viungo vinavyoitwa desmosomu. Na katikati ya seli kuna kiini chenye DNA, kikizungukwa na wavu wa protini iitwayo lamini.

Basi tumepata sehemu nne za kuangalia: injini inayovuta, titini inayoshikilia, viungo kati ya seli na seli, na ukuta wa kiini. Karibu kila kadiomayopathi ya kurithi tutakayoigusa ni hitilafu kwenye mojawapo. Zipo chache zisizoingia humo, nazo nitazirudia.

Moyo unaonenepa

Mwaka 1958 mtaalamu wa patholojia wa London, Donald Teare, alieleza kundi dogo la vijana ambao mioyo yao ilikuwa na ukuta mnene isivyo kawaida, hasa ule unaotenganisha chumba cha kulia na cha kushoto. Wengi wao walikuwa wamekufa ghafla. Miaka michache baadaye madaktari wa Kanada walieleza ukoo mmoja wa Quebec, wenye asili ya Kifaransa, ambao ugonjwa kama huo ulipita kizazi hadi kizazi. Ukoo huo ndio uliokuja kufungua mlango. Mwaka 1989 kundi la Christine na Jonathan Seidman huko Boston lilionyesha kwamba kasoro ilikuwa kwenye kromosomu ya 14, na mwaka 1990 likaitaja yenyewe: jeni ya MYH7, inayotoa maelekezo ya kutengeneza mayosini ya moyo. Protini hiyo ni mnyororo wa vijenzi vidogo 1,935 viitwavyo asidi amino. Kwa wagonjwa wa ukoo ule, ile ya 403 ilikuwa imebadilika, ikawa glutamini badala ya ajinini. Kwenye DNA, hilo ni badiliko la herufi moja tu.

Baadaye jeni nyingine ziliongezeka, na karibu zote zikawa za injini ile ile: troponini, tropomayosini, aktini, na kubwa kuliko zote kwa idadi ya wagonjwa, MYBPC3. Hiyo ya mwisho pamoja na MYH7 ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya familia ambazo jeni yake imepatikana. Ugonjwa wenyewe si wa nadra kama watu wanavyodhani: watu wazima wapatao mmoja katika kila 500 wana ukuta mnene wa namna hii, na wengi wao hawajui. Kwa mtu mzima, unene wa milimita 15 au zaidi usio na sababu nyingine ndio humfanya daktari aanze kuutaja ugonjwa huu. Kwa ndugu wa mgonjwa, hata milimita 13 zinatosha kutia shaka.

Mashabiki wa soka wanamkumbuka Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni aliyeanguka uwanjani Lyon mwezi Juni 2003 katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha moyo wa aina hii. Kifo cha ghafla ndicho kinachotangazwa, ingawa wengi wenye ugonjwa huu huishi umri mrefu. Wapo wanaosumbuliwa na pumzi fupi, maumivu ya kifua au mapigo ya kasi, na wapo wasiosumbuliwa na lolote.

Lakini herufi moja inawezaje kunenepesha ukuta wa moyo? Karibu kila jeni tunayo katika nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kwa magonjwa mengi ya kundi hili nakala moja mbovu inatosha kuleta shida hata nyingine ikiwa nzima. Inatosha kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ni muhimu. Fikiria mtumbwi wenye wapiga makasia wengi. Kiti kimoja kikikaa kitupu, mtumbwi unapungukiwa nguvu. Mtu akiketi pale na kupiga kasia nje ya mdundo, anawavuruga hata walio wazima. Kosa la MYH7 mara nyingi ni la yule wa pili: mayosini yenye kasoro hutengenezwa, huingia kwenye uzi pamoja na zile nzima, na kuvuruga kazi ya wote. Kosa la MYBPC3 mara nyingi ni la kiti kitupu, kwa kuwa maelekezo hukatika katikati, protini haikamiliki, seli huitupa, na moyo unabaki na upungufu.

Ajabu ni kwamba njia hizo mbili huishia mahali pamoja. MYBPC3 ilikuwa ikivizuia vichwa vya mayosini. Ikipungua, vichwa vingi mno hubaki kazini. Mayosini yenye kasoro nayo mara nyingi hukataa kupumzika. Matokeo yake ni moyo unaobana kwa nguvu kupita haja, unaokula nishati nyingi, na unaoshindwa kulegea vizuri ili ujae damu. Ukuta hunenepa, seli hukaa shaghalabaghala badala ya kupangika safu kwa safu, kovu huingia katikati, na umeme hupotea njia.

Maelezo hayo yamezaa dawa. Mavacamten, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa wagonjwa ambao ukuta mnene huzuia damu kutoka, hufanya kazi kwa kupunguza idadi ya vichwa vya mayosini vinavyoshika aktini. Kwa miongo mingi kabla yake wagonjwa walipewa dawa zilizobuniwa kwa magonjwa mengine, au walifanyiwa upasuaji wa kupunguza ukuta. Hii ililenga chanzo chenyewe. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kuitafuta jeni haikuwa shughuli ya maabara tu.

Moyo unaotanuka

MYH7 na jeni za troponini zinaweza pia kuleta ugonjwa ulio kinyume kabisa, yaani moyo mwembamba, mpana na dhaifu. Badiliko likiongeza nguvu ya kuvuta, ukuta hunenepa; likiipunguza, chumba hutanuka. Kwa hiyo kumwambia mtu "una kosa kwenye MYH7" bila kutaja ni kosa gani ni kumwambia nusu ya habari.

Hata hivyo, bingwa wa moyo uliotanuka ni titini. Ndiyo protini kubwa kuliko zote katika mwili wa binadamu, yenye asidi amino zipatazo 35,000, na jeni yake, TTN, imegawanyika katika vipande zaidi ya 360. Kwa sababu ya ukubwa huo, ilikuwa shida kuisoma yote hadi mashine za kisasa za kusoma DNA zilipokuja. Mwaka 2012 ilipochunguzwa kwa ukamilifu, makosa yanayoikata protini hii kabla ya mwisho wake yalipatikana kwa takriban robo ya wagonjwa wa moyo uliotanuka ambao familia zao zilikuwa na ugonjwa huo.

Hapo likazuka fumbo. Makosa kama hayo ya kukata titini yapo pia kwa watu wazima wenye afya, kama mtu mmoja katika kila 100 au 200, kutegemea unavyohesabu. Wote hao mbona hawaugui? Sehemu ya jibu imo kwenye namna moyo unavyoisoma jeni hiyo. Moyo wa mtu mzima hautumii vipande vyote. Baadhi hurukwa wakati maelekezo yanapounganishwa. Kosa likiwa kwenye kipande kinachorukwa, halina madhara makubwa. Likiwa kwenye kipande kinachotumika kila mara, hatari ni ya kweli.

Sehemu nyingine ya jibu ni mzigo wa pili. Mwaka 2016 watafiti waliwachunguza wanawake 172 ambao mioyo yao ilidhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Asilimia 15 walikuwa na makosa ya kukata protini kwenye jeni za misuli ya moyo, na mengi yalikuwa ya titini. Picha kama hiyo imeonekana kwa watu ambao mioyo yao ilidhoofika kwa pombe nyingi, na kwa waliopewa baadhi ya dawa za saratani. Jeni iliwaacha na moyo usio na akiba, na ujauzito, pombe au dawa ikaufichua udhaifu uliokuwepo. Nasisitiza hili kwa sababu mama aliyeugua baada ya kujifungua huambiwa upesi kwamba ni uzazi tu, habari ikaishia hapo, ilhali inawezekana ndugu zake na watoto wake wanapaswa kuangaliwa pia.

Tofauti na titini kabisa ni LMNA, jeni ya lamini, ile inayozunguka kiini. Uhusiano wake na moyo ulijulikana mwaka 1999. Mwenye kosa hapa mara nyingi huanza na hitilafu ya umeme: mapigo ya polepole kwa sababu ishara haipiti vizuri kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, au vyumba vya juu kutetemeka ovyo. Moyo wenyewe kwenye picha unaweza kuonekana bado una nguvu. Hatari ya kifo cha ghafla inaweza kutangulia kutanuka, kwa hiyo madaktari wakigundua jeni hii hufikiria mapema kifaa kinachopandikizwa kifuani ambacho hushtua moyo ukienda kombo, maana kile cha kuongoza mapigo ya polepole peke yake huenda kisitoshe. Huu ndio mfano ninaoupenda wa jeni kubadili uamuzi wa kitabibu: wagonjwa wawili wenye picha zinazofanana za moyo, mmoja wa titini, mwingine wa lamini, hawachungwi kwa namna moja. (Jeni hiyo hiyo ya LMNA, ikikosewa mahali pengine, huleta projeria, ule ugonjwa wa watoto wanaozeeka mapema.)

Viungo vinapoachana

Katika kisiwa cha Naxos, Ugiriki, daktari Nikos Protonotarios na wenzake walieleza mwaka 1986 familia ambazo baadhi ya watu walikuwa na nywele za mfano wa sufi tangu kuzaliwa, ngozi nene kwenye viganja na nyayo, na moyo wenye mapigo ya hatari. Nywele, ngozi na moyo: vina uhusiano gani? Jibu lilikuja mwaka 2000. Kosa lilikuwa kwenye jeni ya JUP, inayotengeneza plakoglobini, mojawapo ya protini za desmosomu. Ngozi na moyo vyote ni tishu zinazovutwa na kusuguliwa kila saa, na vyote hutegemea viungo hivyo ili seli zisiachane. Ngozi hujitetea kwa kunenepa. Seli ya moyo haiwezi, kwa kuwa haizaliani kwa urahisi. Ikichanika inakufa, na kovu na mafuta vinaingia pale ilipokuwa.

Ugonjwa wa Naxos unahitaji nakala mbili mbovu, moja kutoka kwa kila mzazi, na wazazi wenyewe kwa kawaida ni wazima. Lakini ulielekeza watafiti pa kutafuta. Upesi jeni nyingine za desmosomu zikapatikana, na PKP2, iliyotangazwa mwaka 2004, ikawa ndiyo inayopatikana mara nyingi zaidi. Kwa hizi nakala moja mbovu hutosha, bila dalili za ngozi. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Bongani Mayosi wa Cape Town, ikishirikiana na wenzao wa Italia, iliongeza CDH2, jeni ya protini nyingine inayozishikanisha seli za moyo, baada ya kuifuatilia katika familia moja ya Afrika Kusini.

Kwa kuwa tatizo ni viungo vinavyovutwa, mazoezi mazito ya muda mrefu huuharakisha ugonjwa huu. Wenye makosa ya desmosomu wanaoshiriki michezo ya ustahimilivu huugua mapema zaidi na vibaya zaidi kuliko ndugu zao wasioshiriki. Ni jambo gumu kumwambia kijana mwenye afya machoni pake mwenyewe aache mbio, na ndiyo maana mjadala huo hauwezi kumalizika kwa dakika tano kliniki.

Wanaojifanya kadiomayopathi

Niliahidi kurudi kwa zisizoingia kwenye sehemu zile nne. Ukuta mnene haumaanishi misuli mingi kila mara. Wakati mwingine ni takataka zilizojilundika. Ugonjwa wa Fabry hutokana na jeni iliyo kwenye kromosomu X, ambapo kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta hukosekana na mafuta hayo hujaa ndani ya seli. Jeni ikiwa kwenye X, baba hampi mtoto wake wa kiume ugonjwa huo, bali huwapa mabinti zake wote jeni yenye kosa. Kasoro za mitokondria, vile vitengeneza nishati vya seli, hupitia kwa mama peke yake kama kosa liko kwenye DNA ya mitokondria yenyewe. Kwa hiyo kuchora mti wa familia kwa uangalifu, nani aliugua na ni wa upande upi, kunaweza kumwelekeza daktari kabla ya kipimo chochote cha maabara.

Anayestahili maneno zaidi ni transthairetini, protini inayotengenezwa kwenye ini na kusafirishwa kwenye damu. Badiliko la asidi amino moja, valini kuwa isoleusini kwenye nafasi ya 122, huifanya isambaratike kirahisi na kujikusanya moyoni kama nyuzi ngumu ziitwazo amiloidi. Badiliko hili lina mizizi Afrika Magharibi, na Wamarekani weusi wapatao asilimia 3 hadi 4 wanalo. Dalili huja baada ya miaka 60, na mara nyingi hudhaniwa ni moyo uliochoshwa na shinikizo la damu. Kosa hilo la utambuzi lina gharama, maana ipo dawa ya tafamidis inayoishikilia protini isisambaratike, na hufaa zaidi ikianza mapema.

Kwa nini ndugu wawili hawafanani

Turudi kwa suala la umri na bahati. Kuwa na kosa ni jambo moja, kosa hilo kujitokeza ni jingine, na ukali wake ni la tatu. Makosa ya MYBPC3 yanaweza kulala hadi mtu avuke miaka 50. Baadhi ya makosa ya troponini T hayanenepeshi ukuta sana ila huleta mapigo ya hatari mapema. Shinikizo la damu na unene wa mwili huongeza mzigo. Jinsia nayo ina nafasi yake: kwa magonjwa kadhaa ya kundi hili wanaume hutangulia kuugua. Watu wachache hurithi makosa mawili kwa pamoja, na hao mara nyingi huanza mapema.

Kuna jambo jingine lililothibitika vizuri kuanzia mwaka 2021. Utafiti uliolinganisha DNA za maelfu ya wagonjwa na watu wasio wagonjwa ulionyesha kwamba mabadiliko mengi madogo ya kawaida, ambayo kila moja peke yake ni kitu kidogo mno, kwa pamoja husukuma moyo upande wa kunenepa au upande wa kutanuka. Ndugu wawili wanaweza kuwa na kosa kubwa lile lile lakini mgao tofauti kabisa wa hayo madogo. Hayo pia yanaeleza baadhi ya wagonjwa wasiopatikana na kosa lolote kubwa, nao si wachache: kwa moyo mnene, kipimo cha jeni hukosa jibu kwa nusu ya wagonjwa au zaidi.

Kusoma herufi bila kukosea

Kila mmoja wetu ana mamilioni ya tofauti kwenye DNA yake, na nyingi hazina madhara. Maabara ikipata tofauti kwenye jeni ya moyo, inapaswa kuamua kama ndiyo mkosaji au ni mpita njia. Matokeo hupangwa kwenye ngazi tano, kutoka isiyo na madhara hadi inayosababisha ugonjwa, na katikati kuna ile inayowasumbua wote: badiliko ambalo maana yake bado haijajulikana. Hilo halitakiwi kutumiwa kumwambia ndugu yeyote kwamba ana ugonjwa au hana. Linahifadhiwa, na linaangaliwa upya ushahidi unapoongezeka.

Njia kuu ya kupima ni kuuliza badiliko hilo linaonekana mara ngapi kwa watu wenye afya. Likionekana kwa watu wengi wenye afya, haliwezi kuwa chanzo cha ugonjwa adimu. Lakini watu gani hao wenye afya? Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa kadhaa wenye asili ya Afrika waliwahi kuambiwa wana jeni ya moyo mnene kwa sababu ya mabadiliko ambayo kumbe ni ya kawaida kabisa miongoni mwa watu weusi. Yalionekana adimu kwa kuwa makundi ya kulinganisha yalikuwa na watu wa asili ya Ulaya karibu watupu. Hesabu zao zilionyesha kwamba kuwaingiza hata watu weusi wachache kwenye makundi hayo kungeweza kuzuia kosa hilo. Mimi nasoma matokeo yale kama hoja ya kisayansi kabla hayajawa hoja ya haki. Kipimo kisicho na DNA za Waafrika, ambao wana tofauti nyingi za kijeni kuliko watu wa bara lolote, ni kipimo kilicho kipofu upande mmoja, na anayesomewa majibu vibaya si mgonjwa peke yake bali na watoto wake wote.

Kinyume chake kipo pia. Kosa la MYBPC3 la kupotea kwa herufi 25 hubebwa na takriban asilimia 4 ya watu wenye asili ya Bara Hindi. Ni la kawaida sana kule, na bado limehusishwa na udhaifu wa moyo, hasa umri unaposogea. Kuwa jambo la kawaida hakulifanyi liwe salama moja kwa moja. Kunaonyesha tu kwamba wengi wanaolibeba hawaugui mapema.

Kipimo ndani ya familia

Mpangilio ni huu: anayepimwa jeni kwanza ni mgonjwa, wala si ndugu mwenye wasiwasi. Ukianza na ndugu asiye mgonjwa na usipate kitu, hujui kama familia haina kosa au kosa lipo na yeye hakulirithi. Kosa likishapatikana kwa mgonjwa na likathibitika kuwa ndilo, ndugu wanapimwa herufi hiyo moja tu. Kwa magonjwa mengi ya kundi hili, kila mtoto wa mwenye kosa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kulirithi, na bahati hiyo huanza upya kwa kila mimba. Watatu wa kwanza wakirithi, wa nne haongezewi wala hapunguziwi. Mara chache kosa huwa jipya kabisa kwa mgonjwa, wazazi wake hawana, ingawa yeye sasa anaweza kulirithisha.

Aliyerithi bila dalili haitwi mgonjwa. Anafuatiliwa kwa elektrokadiogramu (kipimo cha umeme wa moyo) na ekokadiogramu (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), watoto na vijana kila mwaka mmoja au miwili, watu wazima kila miaka mitatu hadi mitano, na mapema zaidi kukiwa na jambo jipya. Anaambiwa dalili zisizongoja: kuzimia wakati wa mazoezi, mapigo ya kasi yanayokuja na kizunguzungu. Ikiwa kosa halikupatikana kwa mgonjwa, ndugu zake wote wa karibu hufuatiliwa kwa vipimo vya moyo, maana ugonjwa bado unaweza kuwa wa kurithi kwa njia isiyojulikana.

Kwa ambaye hakurithi kosa la familia, ufuatiliaji wake unasimama. Watoto wake hawahitaji kupimwa kwa ajili ya kosa hilo, wala wajukuu. Huyu ndiye anayesahaulika tunapojadili vipimo vya jeni kwa hofu: yule aliyekuwa akirudi kliniki kila baada ya miaka michache kwa sababu kaka yake alianguka, na ambaye baada ya kusomwa kwa herufi moja hana tena sababu ya kurudi huko kuliko mtu mwingine yeyote.